Kabla ya kupanga bei: namna tunavyokagua zabuni za ujenzi Mwanza

Kampuni nyingi ndogo za ujenzi ninazozijua hapa Mwanza hukagua zabuni zao usiku wa mwisho. Siku zote zilizotangulia zimeliwa na bei, kisha zikibaki saa chache mfumo wa zabuni wa mtandaoni ufungwe ndipo watu wanaanza kuulizana: leseni ya biashara inaisha lini? Hati ya uwakilishi imepita kwa wakili? Ile barua ya benki imetoka? Mimi ni mkadiriaji majenzi, nashughulikia zabuni katika kampuni ya wazawa inayojenga majengo, na nimeshuhudia kampuni za wenzetu zikienguliwa kwa karatasi moja ambayo ingeonekana mapema kama kuna mtu angepewa kazi ya kuitafuta. Hilo linaniuma, kwa sababu nyuma ya kila zabuni wapo mafundi na vibarua wanaosubiri simu ya kuitwa saiti. Ninachoamini, na ndicho tunachofanya ofisini kwetu sasa, ni kwamba ukaguzi uanze siku ile ile nyaraka zinapopakuliwa, na bei iguswe mwishoni.

NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, ulipoanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, mambo mengi yalirahisika. Hakuna tena kupanda basi alfajiri na bahasha zilizofungwa kwa gundi ili uwahi ufunguzi wa zabuni wilayani. Ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, na kwa utaratibu wa sasa kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa kampuni za wazawa. Ni jambo jema. Lakini urahisi huo umeleta tamaa ya aina yake. Ukifungua mfumo asubuhi unaona madarasa Magu, zahanati Kwimba, ofisi Sengerema, mabweni Ukerewe, na kila moja inakuita. Kampuni yenye mkadiriaji mmoja haiwezi kupanga bei za zabuni zote hizo kwa wakati mmoja zikatoka za uhakika. Itatoa bei za kubahatisha, na bei ya kubahatisha ina hatari mbili: ukikosa umepoteza muda, ukipata unaweza kupoteza kampuni.

Kwa hiyo swali letu la kwanza ni kama tuingie au tusiingie, na jibu lake tunalitafuta kabla BOQ, yaani orodha ya kazi na viasi vyake inayojazwa bei, haijafunguliwa. Tunasoma sehemu mbili tu: vigezo vya tathmini na masharti maalumu ya mkataba. Kwenye vigezo tunaangalia daraja la Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), kwa sababu madaraja ya ujenzi wa majengo yanaanzia la kwanza hadi la saba na kila moja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Tunaangalia uzoefu wa kazi zinazofanana, wastani wa mauzo kwa mwaka, wataalamu wanaotakiwa na mitambo. Kigezo kimoja kikikosekana na hakuna namna halali ya kukitimiza, kwa mfano kwa kuungana na kampuni nyingine, tunafunga faili hapo hapo. Hatusemi "tujaribu tu, huenda wakapitisha". Hawapitishi, na wala hawatakiwi kupitisha.

Masharti maalumu ndiyo yanayotuchukulia muda zaidi, na hapa naomba wenzangu wasikimbie. Je, kuna malipo ya awali? Hati ya malipo ya kazi iliyofanyika ikishasainiwa, mwajiri, yaani mwenye mradi, ana siku ngapi za kulipa? Fedha ya zuio, ile inayokatwa kwenye kila malipo na kushikiliwa na mwajiri, ni asilimia ngapi, na inaachiwa lini? Fidia ya ucheleweshaji ni kiasi gani kwa siku? Bei inaweza kurekebishwa vifaa vikipanda? Kwenye mikataba mifupi kwa kawaida hairekebishwi. Mhasibu wetu ndiye anayeyasoma haya, si mimi. Anachora jedwali la miezi: fedha itatoka lini, itaingia lini. Tuseme kazi ni ya milioni 400, malipo ya awali hayapo, na hati ya kwanza inategemewa baada ya msingi na jamvi (zege ya sakafu ya chini) kukamilika. Maana yake saruji, nondo, mawe, kokoto na mishahara ya mafundi mpaka hapo vyote vinatoka mfukoni mwetu, kisha tunasubiri malipo huku kuta zinatakiwa zipande. Jedwali lile likionyesha shimo ambalo benki haiwezi kuliziba kwa riba tunayoimudu, tunaiacha hiyo zabuni hata kama faida yake kwenye karatasi inapendeza. Kampuni ndogo nyingi huangushwa na kukosa fedha katikati ya kazi. Bei zao zilikuwa sahihi, fedha ndiyo ilichelewa.

Zabuni ikivuka hapo, tunakwenda kuona eneo. Sisemi hili kwa sababu nyaraka zinasema "mzabuni anashauriwa kutembelea eneo". Nasema kwa sababu hii ni Mwanza.

Anayeujua mji huu anajua mawe yake. Igogo, Mabatini, Bugando, yamesimama wazi na nyumba zimepandishwa juu yake. Ugumu uko kule yasikoonekana. Eneo linaweza kuwa tambarare, lina majani na mashimo machache ya mchanga, na BOQ ikasema uchimbaji wa msingi ni kwenye udongo wa kawaida. Chini yake kimeandikwa kipengele cha mwamba, lakini hakina kiasi, kimeandikwa "bei tu". Kipengele cha namna hiyo hakiingii kwenye jumla, kwa hiyo anayepanga bei kwa haraka huandika tarakimu yoyote na kusonga mbele. Kazi ikianza, mwamba ukatokea, bei ile ile ndiyo atakayolipwa kwa kila meta ya ujazo.

Tunaye fomeni, mzee aliyekulia kwenye vilima hivi, ambaye huja na mtaimbo kwenye kila eneo. Siku moja tulikwenda naye upande wa Buhongwa kuona eneo la jengo la ghorofa moja. Hakuzungumza na mtu. Alipima kwa hatua palipokusudiwa pembe za jengo, akapiga mtaimbo pembe ya kwanza, ukazama. Ya pili ukazama. Ya tatu uligonga ukarudi, akausogeza hatua mbili akapiga tena, ukarudi. Akaniita, "Njoo usikie mwanangu, hapa pamelala jiwe, na si dogo." Pembe ya nne ilikuwa hivyo hivyo. Nilichukua picha, nikapima umbali, na jioni ile tukatuma swali la ufafanuzi kupitia mfumo: je, kiasi cha uchimbaji wa mwamba kimekadiriwa vipi? Bei ya kipengele kile tuliipanga kwa umakini ule ule wa kupanga bei ya zege. Tulijiuliza litapasuliwa kwa njia gani: kwa moto na nyundo kama mafundi wengi wa hapa wanavyofanya, au kwa mashine ya upepo ya kukodi? Baruti haifikiriwi palipo na nyumba jirani bila vibali na ulinzi ambao nao una gharama. Watu wangapi, kwa siku ngapi, kifusi kinakwenda wapi? Jibu la maswali hayo ndilo bei.

Ufukweni mambo ni mengine. Kazi za karibu na ziwa zina maji ya chini, na mtaro unaouchimba asubuhi unaweza kuwa na maji ya magotini mchana. Kama gharama za awali hazina pampu na mafuta yake, nani atalipa? Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo mchoro ukionyesha jengo karibu na maji, tunauliza mapema kuhusu vibali vya mwajiri. Ziwa lenyewe nalo halitulii: mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda yakafika majumbani na kwenye miundombinu ya ufukweni. Mchoro uliopimwa kabla ya hapo unahitaji kuangaliwa upya ukiwa umesimama pale pale kwenye eneo.

Usafirishaji pia. Kwa miaka mingi bei yetu ya kupeleka saruji na nondo Sengerema ilibeba foleni ya kivuko cha Kigongo: lori likisubiri, dereva na tingo wanakula, na siku nyingine mzigo unavuka kesho yake. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na jedwali letu la Sengerema na Geita tuliliandika upya kuanzia mstari wa kwanza. Mkandarasi anayeendelea kutumia bei za zamani za njia ile anajiondoa mwenyewe kwenye ushindani. Ukerewe bado ni majini: ukipitia Bunda unavuka Kisorya kwenda Rugezi, na ukitoka Mwanza mjini unapakia melini kwenda Nansio. Huko tunahesabu kupakia na kushusha mara mbili, mifuko inayopasuka, na ghala la kuhifadhia. Vitu hivyo havina mstari wake kwenye BOQ. Lazima viingie ndani ya bei ya zege, ya tofali, ya kenchi, kila kimoja kwa sehemu yake.

Sasa nije kwa wakandarasi wadogo tunaowapa sehemu za kazi: umeme, mabomba, aluminiamu, wakati mwingine paa. Hapa ndipo tulipookoa muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Zamani kila mmoja alileta bei kwa namna yake. Huyu anatuma sauti ya WhatsApp, yule anaandika jumla nyuma ya risiti, mwingine analeta kurasa tano zenye nembo lakini hakuna kiasi. Kuzilinganisha ilikuwa kazi ya kukisia. Tukaamua kutoa karatasi moja kwa wote, yenye vipengele vile vile na viasi vile vile kutoka kwenye BOQ, na chini yake maswali machache ya lazima: VAT imo au haimo? Usafiri na majukwaa ya kupandia vimo? Bei inadumu mpaka lini? Nini hakimo? Kwa wa umeme, leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni ya daraja gani?

Wengi waliikubali. Fundi mmoja wa aluminiamu, hodari kweli wa kazi, alinijibu, "Dada, mimi si mtu wa karatasi, nipe mchoro nikupe bei." Nilikwenda kwenye karakana yake Kirumba, tukakaa juu ya benchi lake na kuijaza pamoja, dirisha kwa dirisha. Tulipofika kwenye vioo akanyamaza, akachukua mchoro akausogeza kwenye mwanga. Alikuwa amezoea kuhesabu kioo cha milimita 5, na mchoro ulisema 6. Akasema, "Basi hapa bei inabadilika." Sasa yeye ndiye wa kwanza kurudisha karatasi kila tunapoituma.

Nitoe mfano wa kwa nini karatasi hiyo ni muhimu. Bei mbili za madirisha na milango zinakuja, moja milioni 42, nyingine milioni 48. Jicho la haraka linachagua ya kwanza. Ukisoma chini, ile ya milioni 42 haina VAT. Ukiongeza asilimia 18 inafika milioni 49 na laki tano na ushee. Ya pili ina VAT tayari, na usafiri umo. Kumbe iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Tena mwenye bei ya pili kaandika kwamba bei inadumu mpaka uhai wa zabuni yetu utakapoisha, na wa kwanza kaandika wiki mbili. Tathmini ya zabuni ya serikali haimalizwi kwa wiki mbili. Ukishinda kwa bei yake, utarudi kwake ukute imepanda, na tofauti utailipa wewe.

Karatasi hizo zinatoka siku ya pili, mara tu tukishaamua kuingia. Ukiwafuata mafundi zikiwa zimebaki siku mbili, watakupa bei ya kujikinga, na wana haki.

Ukaguzi wa zabuni yenyewe tumeugawa, na kanuni yetu ni kwamba aliyepanga bei hakagui peke yake. Macho yake yameshazoea tarakimu zake. Katibu muhtasi anakagua hati na tarehe: leseni, cheti cha kodi, usajili wa CRB, vyeti vya wataalamu, dhamana au tamko la dhamana ya zabuni. Ana orodha yake ukutani yenye tarehe za kuisha kwa kila hati, na anazihuisha kabla zabuni haijaja. Fomeni anakagua mbinu na nguvukazi: je, kwa bei hii ya kupiga lipu nitapata fundi? Mhasibu anakagua kodi na mtiririko wa fedha. Mimi nalinganisha BOQ na michoro. Kila mmoja ana swali lake, kwa hiyo hatusomi wote kitu kile kile tukaacha kingine. Mkurugenzi anakuja mwisho, na anaamua faida tu. Mwanzoni hakuufurahia utaratibu huu, alitaka kuona bei kila jioni. Siku hizi ananiuliza kwanza fomeni kasema nini.

Kuna sehemu moja ninayoikagua mara mbili kila wakati: nondo. BOQ inazitaka kwa kilo, dukani zinauzwa kwa kipande. Uzito wa meta moja unapatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kugawa kwa 162. Nondo ya milimita 12 inatoa takriban kilo 0.888 kwa meta, kwa hiyo kipande cha meta 12 kina kilo 10.7 hivi, na tani moja ni vipande kama 94. Mtu akigawa bei ya kipande kwa uzito wa kubuni, kosa hilo linatembea kwenye nguzo, mihimili na slabu zote. Kisha kuna nondo nyepesi sokoni, zinazoitwa 12 lakini hazifiki. Tunamwomba muuzaji tupime kipande kwenye mizani kabla ya kuipokea bei yake. Anayekataa mizani tunamshukuru na kwenda duka la pili.

Kwa zabuni za watu binafsi, hoteli au shule za taasisi za dini, ambazo bado nyingine zinakwenda kwa karatasi, tunaongeza ukaguzi wa hesabu. Katika nyaraka nyingi, bei ya kipimo kimoja ikipingana na jumla, bei ya kipimo ndiyo inayoshinda, na maneno yanashinda tarakimu. Sifuri iliyoruka kwenye bei ya meta moja ya ujazo inaweza kugeuza zabuni nzima.

Naomba niseme na upande wa pili, kwa sababu si kila ucheleweshaji ni wa mkandarasi. Kuna taasisi moja iliyojibu maswali ya wazabuni mchana wa siku ya mwisho, na jibu lile likabadilisha kiasi cha zege ya msingi. Wenzetu waliokuwa wameshawasilisha asubuhi hawakuliona kwa wakati. Hiyo si haki. Tangu hapo kuna mtu mmoja ofisini ambaye kazi yake, asubuhi na jioni, ni kufungua mfumo na kuandika kila marekebisho yaliyotolewa na saa yake. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayokupa sauti ukihitaji kulalamika kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi inayonunua, na ikibidi kwenda Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma (PPAA). Muda wa kulalamika ni mfupi, na malalamiko yasiyo na tarehe hayasikilizwi.

Tukikosa, tunasoma sababu. Notisi ya kusudio la kutoa tuzo inaeleza kwa nini hukuchaguliwa, lakini wengi wanaifunga wakishaona jina si lao. Sisi tunaiandika kwenye daftari la pamoja: zabuni gani, wilaya gani, bei ya mshindi, bei yetu, sababu. Baada ya muda daftari linaanza kuzungumza. Letu lilituonyesha kwamba kwenye madarasa ya Misungwi bei zetu za paa zilikuwa juu kuliko za wenzetu, huku misingi yetu ikilingana nao. Tukaenda kumtafuta muuzaji mwingine wa mbao, tukampata, na bei ya kenchi ikashuka.

Jambo moja liko nje ya uwezo wetu, nalo nitaendelea kulisema kila nikipata nafasi mbele ya watu wa halmashauri zetu. Ambatanisheni ripoti ya uchunguzi wa udongo kwenye nyaraka za zabuni, na kipengele cha mwamba kipeni kiasi kilichokadiriwa badala ya "bei tu". Mkipima eneo mara moja, wazabuni wote watapanga bei kwenye msingi mmoja, nanyi mtalinganisha bei zinazolingana kweli. Msipopima, tuseme tuko wazabuni ishirini na wanne: kumi na tano kati yetu tutakwenda na mitaimbo yetu kila mmoja kwa wakati wake, tisa hawatakwenda kabisa, na huenda mshindi akatoka kati ya hao tisa.